Hodi Tatu za Afande

Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumwona Afande akiingia nyumbani kwa mtu bila kukaribishwa. Alipiga hodi ya kwanza akangoja. Akapiga ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu, na asipoitikiwa aligeuka akaenda zake, hata kama redio inaongea ndani na harufu ya samaki inatoka dirishani. Alikuwa Mkristo wa Songea, Mngoni, lakini hodi hizo tatu alijifunza kwa Waislamu wa Kilwa Kivinje alipohamishiwa huku, na akazishika kuliko wenyewe. Mama yangu alimpenda kwa hilo. "Yule ana adabu zake," alikuwa akituambia sisi wanawe, "siyo nyie mnaovamia milango kama mbuzi."

Alikuwa jirani yetu, na alikuwa mkubwa wa upelelezi, kwanza wilayani kisha mkoani Lindi. Jina lake halina kazi hapa. Kivinje nzima ilimwita Afande, na hata alipostaafu na kubaki na kofia ya ukindu na kandambili, aliendelea kuwa Afande. Mimi ni wakili. Naandika habari zake kwa sababu watu wameanza kumsifu, na sifa zenyewe ni za kweli karibu zote. Hapo ndipo penye shida.

Kwa mfano, hakuna aliyejua utani kama yeye. Wangoni na Wangindo ni watani, na Kivinje hapakosekani Mngindo. Palikuwa na mama mmoja wa Kingindo aliyeuza samaki wa kukaanga karibu na soko, Bi Mwanahawa. Afande alikuwa akipita na magwanda yake, anachukua samaki kwenye sinia na kung'ata palepale. "Kodi ya babu yangu hii. Tuliwapiga vita, mpaka leo hamjamaliza kutulipa."

"Mngoni mwizi wewe! Leo nakukaanga pamoja na buti zako!" Bi Mwanahawa anajibu, na soko zima linacheka.

Mume wa Bi Mwanahawa alipofariki, Afande alikuja msibani amejifunga gunia kiunoni, ungo kichwani kama kofia, anapiga kelele: "Mimi ndiye niliyemuua! Nilichoka kumwona! Nyie wengine jipangeni!" Makaburini akashuka shimoni akalala chali, akasema kaburi ni lake, maiti itafute lingine, mpaka wafiwa wakamtuliza kwa kuku. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na Bi Mwanahawa mwenyewe, ndani, alisikika akicheka. Ndiyo kazi ya mtani. Anabeba mabaya yote kwa mdomo ili yawe mepesi, na neno lake halipelekwi popote. Nilikuwa shuleni bado, na nilimwona Afande kuwa mtu mwema kupita wote.

Nilipokuwa nasoma sheria, nilikwenda kujifunza kazi kwa vitendo Lindi, kwenye ofisi yake. Wenzangu walipewa kazi ya kubeba mafaili na kununua chapati. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa jirani, nilifundishwa. Siku moja nilimwuliza ni lini polisi wanaruhusiwa kusikiliza simu ya mtu. Akafunga mlango, akasogeza kiti.

"Mwanangu, kuna mtu yuko ndani ya nyumba yake. Wewe unataka kuingia asijue. Sasa hodi yako ataitikia nani?"

Nikasema sijui.

"Jaji. Jaji anaitikia kwa niaba ya mwenye nyumba, maana mwenye nyumba hajui kama uko mlangoni. Kwa hiyo jaji hadanganywi. Ukimdanganya jaji, umemdanganya mtu aliyelala."

Kisha akanifundisha hodi tatu za sheria, kama alivyoziita. Hodi ya kwanza ni ya kosa. Si kila kosa linafungua mlango. Mtu aliyeiba kuku husikilizi simu yake. Liwe kosa zito, la watu waliojipanga, wana mkubwa wao, wanagawana kazi: unga wa kulevya, silaha, meno ya tembo. Hodi ya pili ni ya mtu. Kwa nini huyu, kwa nini namba hii? "Jaji hataki kusikia kwamba fulani ni mtu mbaya. Anataka kusikia kwa nini unaamini kwamba kwenye simu hii yanazungumzwa mambo haya. Imani bila sababu ipeleke kanisani." Na hodi ya tatu, ambayo aliitamka huku akigonga meza kwa kidole, ni kwamba hakuna njia nyingine. Umeuliza, umefuatilia, umetuma mtu, umeshindwa, au ungejaribu ungeua mtu. Hapo ndipo unaomba, kwa muda maalumu, na unasikiliza yanayohusu kesi tu. "Mke wake akianza kuuliza habari za chumvi, unavua hicho kidude masikioni. Chumvi yao haikuhusu."

Sijapata mwalimu mwingine aliyeeleza jambo hilo vizuri kuliko hivyo, chuoni wala baada ya chuo. Na wakati huo aliyatenda aliyoyasema. Kulikuwa na watu waliokuwa wakishusha unga ufukweni kaskazini mwa Kivinje, nao aliwakamata kwa kibali cha namna hiyo, baada ya kulala vichakani na vijana wake mpaka malaria ikawaangusha. Wale walistahili. Sisemi simu za watu zisisikilizwe kamwe. Anayesema hivyo hajaona vijana wa Kilwa Masoko walioliwa na unga.

Yeye mwenyewe simu aliiogopa. Ukimpigia kumwuliza hali, anasema "Tuonane" na kukata. Akitaka kuzungumza na mkewe jambo la maana, alikuwa anafungulia televisheni kwa sauti mpaka sisi majirani tunaijua taarifa ya habari kwa moyo. Na umbea aliuchukia kwa dhati. Aliwahi kuwafukuza wanawake bombani kwa sababu walikuwa wanazungumzia ndoa ya mtu. "Mambo ya ndani ya mtu ni ya ndani," aliwaambia, na wakanyanyua ndoo zao kwa aibu.

Basi, ilipotokea habari ya msitu, nami nimeshakuwa wakili, ndipo nilipomjua. Askari wawili wa wanyamapori waliuawa kwa risasi huko ndani, upande wa Njinjo, na tembo ambao askari hao walikuwa wakiwalinda wakakutwa hawana meno. Walikuwa watu wenye wake na watoto. Mkoa ulichemka. Kila siku simu kutoka juu: mmekamata nani? Katika simu ya kijana mmoja aliyekamatwa na kipande cha jino ikakutwa namba ya Mzee Athumani, mkulima wa ufuta wa Njinjo, Mngindo, ambaye alimkodisha huyo kijana pikipiki msimu uliopita. Kwa namba hiyo Afande akaomba kibali cha kumsikiliza mzee, akakipata.

Wakasikiliza. Habari za ufuta, za ng'ombe walioingia shambani, za mazishi ya shangazi. Halafu akapiga Komba, Mngoni, fundi baiskeli wa Liwale, mtani wake Mzee Athumani tangu ujana wao. Mazungumzo hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, yalichezwa mahakamani.

"Wewe jambazi la Kingindo, bado uko hai?"

"Niko hai nakungojea wewe, mwizi wa mifugo."

"Umeshaua wangapi mwaka huu?"

"Wawili tu. Wa tatu wewe. Njoo haraka, risasi inaoza."

Halafu vicheko, vile vicheko vya wazee vinavyoishia kwenye kikohozi, na Komba akauliza bei ya ufuta.

Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la tatu Kivinje angekwambia hao ni watani. Na aliyekuwa anasikiliza ni Mngoni aliyelala chali kwenye kaburi la Mngindo akidai ndiye aliyemuua.

Mzee Athumani alikamatwa akiwa anapiga ufuta kwenye turubai. Akashtakiwa kwa mauaji, na kwa uhujumu uchumi pamoja na genge lililopangwa, makosa yasiyo na dhamana. Komba aliposikia, alipanda basi mwenyewe kutoka Liwale mpaka Lindi, kavaa suti yake ya kanisani, kwenda kueleza polisi kwamba ule ulikuwa utani. Walimsikiliza vizuri, wakampa kiti, wakamfanya mshtakiwa wa pili. Utetezi wao wote wawili nikauchukua mimi. Mpaka leo nikimfikiria Mngoni yule na suti yake, nataka kuwatemea mate waliompa kile kiti.

Maneno ya watani wawili yakatumika kuombea vibali vingine. Simu ya mke wa Mzee Athumani, Bi Somoe. Ya mdogo wake. Ya imamu wa msikiti wao. Bi Somoe wakati huo alikuwa na ugonjwa wa kike, alikuwa akimweleza dada yake wa Mingoyo kwa simu, na hakumweleza mtu mwingine duniani, hata mumewe. Siku alipokuja Lindi kumletea mumewe chakula mahabusu, askari mmoja kijana akamwuliza pale koridoni, mbele za watu, kama damu imeacha. Alimwuliza akicheka. Bi Somoe alinisimulia hayo ameinamisha uso, akiukunja ukingo wa khanga yake na kuukunjua.

Nilikwenda kwa Afande kumweleza. Nilidhani atapasuka kwa hasira. Kweli alikasirika. Alimwita yule kijana mbele yangu akamfokea: "Huna adabu! Mama wa watu unamwuliza mambo kama hayo hadharani?" Kijana akaomba radhi, akatoka. Afande akanigeukia ameridhika, ananingojea nishukuru. Hakuona kwamba hadharani haikuwa shida. Shida ilikuwa kwamba kijana alijua.

"Afande, na chumvi yao?" nilimwuliza. "Ulisema tunavua masikioni."

"Mwanangu, kesi hii ni kubwa," akasema. "Kubwa sana. Huko juu wanataka watu."

Kesi ikatajwa na kutajwa. Kila tukienda, upelelezi haujakamilika. Ufuta ukapandwa na majirani, ukavunwa na nguruwe. Mzee Athumani alikonda, akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kucheka. Aliniuliza jambo moja tu kila nilipokwenda: "Mwanangu, nitavuna msimu huu?" Hakuwahi kuniuliza kama atafungwa. Alikuwa anataka mavuno.

Mwishowe jaji alikuja Lindi kwenye kikao, na mimi nikapinga yale mazungumzo yasipokelewe, kwa kuwa kibali kilipatikana bila sababu za kisheria. Afande akapanda kizimbani, akaapa kwa Biblia, akasimama wima. Nilimuuliza kwa hodi zake mwenyewe. Ya kwanza sikubishana naye, kosa lilikuwa zito. Ya pili nikaigusa kidogo, ile namba ya pikipiki. Kisha nikafika kwenye ya tatu.

"Shahidi, uliapa kwamba njia nyingine zote za upelelezi zilijaribiwa zikashindikana. Ni nani aliyetumwa Njinjo kuuliza habari za mshtakiwa?"

"Ilikuwa masika, mheshimiwa jaji. Mto Matandu ulifurika. Barabara haipitiki."

"Mabasi yalikuwa hayaendi?"

"Yalikuwa yanaendaenda."

"Kwa hiyo abiria walifika, polisi hawakufika. Mwenyekiti wa kijiji mlimpigia?"

"Hapana."

"Basi ni njia ipi iliyojaribiwa ikashindikana?"

Akafikiri. "Zote kwa ujumla," akasema.

Maneno hayohayo, nukta kwa nukta, alikuwa ameyaapa kwenye maombi ya kila mtu: ya imamu, ya mdogo mtu, ya Bi Somoe. Hodi ya tatu ilikuwa imegeuka kuwa mhuri.

Nikamwuliza: "Shahidi, wewe ni kabila gani?"

Wakili wa upande wa pili akaruka kupinga. Jaji akasema ajibu.

"Mimi ni Mtanzania, mheshimiwa."

Mahakama ikacheka, na jaji naye akatabasamu. Nikamwuliza kama anaufahamu utani wa Wangoni na Wangindo. Akaniangalia usoni, mimi niliyekua nikimwona anakula samaki wa Bi Mwanahawa bila kulipa, akasema kwa sauti ileile aliyonifundishia sheria:

"Nimewahi kusikia watu wakizungumzia. Mimi binafsi desturi hiyo sina uzoefu nayo."

Komba, pale kwenye benchi la washtakiwa, aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Nilikaa chini nikanywa maji. Nimeona mashahidi waongo wengi, wengine nimewapenda hata. Lakini kumwona mtu akiikana lugha ya mama yake ili mkulima wa ufuta abaki ndani, hilo sikuwa nimeliona.

Uamuzi haukutolewa. Kabla ya siku yake, upande wa mashtaka ulisimama ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri, na washtakiwa wakaachiwa. Hakuna aliyesema kibali kilikuwa batili. Hakuna aliyeomba radhi. Komba alirudi Liwale. Waliowaua wale askari wawili hawajapatikana mpaka leo, na wajane wao nadhani wanaamini wahusika waliachiwa kwa ujanja wa wakili. Afande akastaafu kwa sherehe, akapewa kabati la vyombo, na nasikia katika hotuba alizungumzia hodi tatu na vijana wakapiga makofi.

Mzee Athumani aliwahi kupanda. Hakuwahi kuvuna. Kifua kilimuua ufuta ukiwa umechanua, mweupe shamba zima.

Nilikwenda Njinjo kwenye mazishi. Wanaume tulikaa uani kwenye mikeka upande huu, wanawake upande ule, Bi Somoe yuko ndani na maiti inaoshwa. Komba alikuwa amefika tangu alfajiri, na suti yake ileile. Watu walikuwa wakimtazama, wanangoja aanze. Mazishi ya Mngindo bila Mngoni kuchafua hali ya hewa ni mazishi yaliyopooza. Komba alikaa ukutani ameshika kofia. Bibi mmoja akamchokoza: "Mngoni, leo umemeza ulimi?" Akatikisa kichwa. "Utani ninao, bibi," akasema, "lakini naogopa kusikilizwa."

Ndipo kelele ikaingia kutoka barabarani. Afande. Alikuwa amejifunga gunia kiunoni. Alikuwa na ungo kichwani. Amezeeka, miguu myembamba, lakini sauti ilikuwa na nguvu zake zote. Akavuka uani katikati yetu moja kwa moja mpaka kizingiti cha mlango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona hapigi hodi.

"Mnangoja nini? Mtoeni! Mimi ndiye niliyemuua! Nilichoka kumwona! Nyie wengine jipangeni!"

Nadhani ninajua alichotaka. Mtani hakasirikiwi. Tungecheka hata kidogo, angepewa kuku wake, na mambo yote yangekuwa yamekwisha, mepesi, bila yeye kutamka neno samahani. Alikuwa amekuja kuchukua msamaha kwenye sinia kama alivyozoea kuchukua samaki.

Hakuna aliyecheka. Komba aliinuka, akasema taratibu, "Mtani wake ni mimi. Nami sijasema kitu."

Sauti ya Bi Somoe ikatoka ndani. "Ni nani huyo?"

"Ni Afande," mtu akamjibu.

Tukasikia maji ya kuoshea maiti yakimwagwa. Kisha Bi Somoe akasema, bila kupaza sauti:

"Mwambieni aseme tena. Huku ndani hatukusikia vizuri."

Afande alituangalia mmoja mmoja, akanifikia mimi, na nilimwacha aniangalie. Mkono wake ukapanda ukautoa ungo kichwani, akauweka chini. Akasimama pale na gunia lake kiunoni, akarudi nyuma hatua, nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Tulingoja. Mwenye nyumba alikuwepo safari hii, na alijua nani yuko mlangoni.

"Hodi."

Watoto waliokuwa wakichungulia waliondolewa. Sikumwonea huruma, na sitajisingizia leo kwamba nilimwonea.

"Hodi jamani," akasema ya tatu, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyeitikia. Sheria hiyo aliijua kuliko sisi sote. Akageuka, akaenda kutafuta kandambili zake, na sisi tukaendelea kuingoja maiti itoke.